Kibodi inatembea kwenye BIOS, Windows ikifunguka inakufa: usinunue nyingine bado

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Laptopu ya ofisi tuliinunua Dar es Salaam, ya mkono wa pili, ni zile za kupindua kioo mpaka zinakuwa kama tableti. Kibandiko chake kimeandikwa AMD Ryzen 5, 6000 Series. Wiki iliyopita usiku ilijifanyia apdeti. Ikaonyesha nembo ya kampuni na mstari unaojaa chini yake, ikajizima na kujiwasha mara mbili. Tangu hapo kibodi haiandiki hata herufi moja. Tachipadi inafanya kazi, na kibodi ya nje ya USB nikiichomeka inaandika vizuri. Fundi wa hapa aliwasha akabonyeza F2, akaingia BIOS na kutembea humo kwa mishale ya kibodi hiyo hiyo. Kisha akachomeka flashi yake ya Ubuntu 22.04, mfumo mwingine usio Windows, kibodi ikakataa na huko. Anasema mifumo miwili ikikataa basi kibodi imekufa, nilipe 120,000 pamoja na ufundi. Msimu wa korosho umeanza, majina ya wakulima na kilo zao zote zimo humo. Nilipe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe bado. Na kabla sijaeleza kwa nini, fanya jambo moja leo hii hii: chomeka ile kibodi ya USB, ufungue laptopu, unakili orodha ya wakulima kwenye flashi mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ondoka nayo. Hatua nyingi nitakazokupa hazigusi mafaili, lakini ipo moja mwishoni inayogusa ubao mama, ule mkuu unaobeba chipu zote, na sitaki kilo za mkulima zipotee katikati ya mnada kwa ushauri wangu.

Sasa tuanze na alichokiona fundi wako, maana amekupa ushahidi mzito kisha akaupita. Aliingia BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, kwa F2, akatembea kwa mishale. Kibodi iliyokufa haifanyi hivyo. Chini ya vibonyezo kuna gridi ya nyaya nyembamba, za mlalo na za wima. Ukibonyeza herufi, waya mmoja wa mlalo unagusana na mmoja wa wima. Utepe mwembamba unazipeleka nyaya zote hizo kwenye chipu ndogo iliyo juu ya ubao mama, ambayo sisi mafundi tunaiita EC. Chipu hiyo ndiyo inayotambua kuwa umebonyeza K na si L, na ndiyo hiyo hiyo inayosimamia feni, kuchaji betri na kitufe cha kuwashia. Mshale ukisogea kwenye BIOS, maana yake kibonyezo kipo hai, utepe upo hai na EC ipo hai. Kibodi mpya ya 120,000 ingefungwa mahali pale pale, ikakaa kimya vile vile.

Bado mishale ni vibonyezo vinne tu, na mimi nisingetosheka navyo. Ipo njia ya kupima vyote bila kuingia kwenye mfumo wowote. Chomoa kibodi ya USB, chomeka flashi ya Ubuntu ya fundi wako, iwashe laptopu kutoka kwenye flashi. Itakuja orodha ya kuchagua kabla Ubuntu haijaanza. Hapo bonyeza herufi c. Kioo kitakuwa cheusi na neno grub> litatokea upande wa kushoto. Sasa andika taratibu safu za vibonyezo moja baada ya nyingine: qwertyuiop, kisha asdfghjkl, kisha zxcvbnm, kisha namba. Hakuna utakachoharibu, usigonge tu Enter. Mahali hapo kompyuta bado inasoma kibodi kwa msaada wa programu ya ubao mama yenyewe, Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake, haijaamka. Herufi zote zikitokea, kesi ya kibodi imefungwa. Zikikosekana tatu au nne zenye ujirani kwenye gridi, kwa mfano, hapo nitakubaliana na fundi kwamba waya umekatika ndani na kibodi ibadilishwe. Hitilafu ya programu kwa kawaida haichagui herufi. Hukata zote kwa pamoja.

Utaniuliza, kama kibodi ni nzima, kwa nini BIOS iione na Windows isiione? Hapa ndipo penye utamu, na naomba unisome polepole.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta yake ya PC/AT, na ndani yake kazi ya kupokea kibodi ilipewa chipu ya Intel yenye namba 8042. Chipu hiyo imeondoka zamani, lakini kwenye laptopu nyingi EC bado inajifanya ndiyo hiyo 8042, kwa sababu Windows na Linux zimezoea kuongea nayo. Ukibonyeza herufi, EC inaweka namba ya kibonyezo mahali maalumu, kisha inapiga hodi kwa kupitia waya wa kengele namba 1. Windows inaisikia hodi, inaacha kidogo ilichokuwa ikifanya, inaenda kuchukua ile namba. Usiposikika mlio wa hodi, mgeni anabaki nje hata kama amebeba mzigo mkononi.

BIOS haisubiri hodi. Programu ya ubao mama kwenye kompyuta za kisasa inaenda yenyewe mlangoni kila baada ya kitambo kidogo kabisa, inachungulia kama kuna mtu, inarudi. Kwa hiyo hata kengele ikiwa imeharibika au imeelekezwa pabaya, BIOS itampata mgeni. Ndiyo maana kibodi yako inatembea kule na kunyamaza huku. Kati ya vibonyezo na BIOS hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye hodi.

Na nani anayeuambia mfumo hodi itapigwa mlango upi? Programu ya ubao mama. Laptopu ikiwaka, ubao unaukabidhi mfumo jedwali refu linaloitwa ACPI: kibodi iko hapa, kengele yake ni namba hii, italia kwa volti kupanda au kwa volti kushuka, tachipadi iko kule, kioo kikipinduliwa ishara yake ni hii. Mfumo unalisoma na kulifuata. Ukibadilisha programu ya ubao umebadilisha jedwali, lakini Windows na draiva zake, yaani programu ndogo za kuongoza vifaa, ni zile zile za jana. Ukibadilisha mfumo, jedwali ni lile lile lakini msomaji ni mwingine. Kwa vyovyote vile, wawili hao wanaweza wasielewane, na wa kwanza kuumia mara nyingi ni kibodi au tachipadi.

Ile picha uliyoiona usiku, nembo ya kampuni na mstari unaojaa chini yake kabla Windows haijafunguka, kisha kuzima na kuwaka mara mbili, kwa uzoefu wangu ni apdeti ya ubao mama. Huletwa na Windows Update pamoja na apdeti za kawaida, wewe ukiwa umelala. Kilichobadilika kwako usiku ule si kibodi.

Sasa hoja ya fundi kwamba mifumo miwili imekataa. Ni hoja nzuri, na mtu yeyote angeiamini, lakini kwa chipu yako mahususi inapotosha. Laptopu za Ryzen 6000 zilitoka mwaka 2022. Kwenye nyingi kati ya hizo, jedwali la ubao linasema kengele namba 1 italia kwa volti kushuka. Linux kwa mazoea ya kompyuta za zamani ilikuwa ikilipuuza jedwali hapo, ikishikilia kwamba kengele hiyo hulia kwa volti kupanda. Basi kibodi ikawa inapiga hodi mlango wa uani, Linux imekaa sebuleni inasubiri mlango wa mbele. Watu wengi duniani waliozinunua walikutana na hilo hilo: kibodi inachagua vizuri kwenye orodha ya kuwashia, Linux ikianza inakufa. Mwaka huo huo wa 2022 watengenezaji wa Linux wakaweka kanuni mpya kwa familia hiyo ya chipu. Ikaponya nyingi, ikaua kibodi za laptopu nyingine ambazo zilihitaji mazoea ya zamani, na mwaka 2023 wakaiondoa kanuni hiyo ya jumla na kutafuta njia nyingine. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022. Kama flashi ya fundi ni ya toleo la mwanzo, kiini chake (kernel, moyo wa mfumo) ni 5.15, cha kabla ya marekebisho yale.

Kwa hiyo Ubuntu ya flashi ingeweza kabisa kuikataa kibodi yako hata mwezi uliopita, ilipokuwa ikiandika vizuri kwenye Windows. Hao si mashahidi wawili walioona tukio moja.

Ukitaka kulithibitisha kwa macho, fanya hivi ukiwa ndani ya Ubuntu ya flashi na kibodi ya USB imechomekwa. Fungua dirisha la amri (Terminal), andika cat /proc/interrupts, gonga Enter. Tafuta mstari wenye neno i8042 unaoanza na 1 peke yake, si 12. Pembeni yake kuna namba. Ndiyo idadi ya hodi zilizosikika. Ziandike kwenye karatasi. Sasa bonyeza vibonyezo ishirini kwenye kibodi ya laptopu, rudia ile amri kwa kibodi ya USB, linganisha. Kama namba hazijasogea hata moja, umeiona kengele bubu kwa macho yako. Kisha omba mtu mwenye bando la kutosha akutengenezee flashi ya Ubuntu 24.04, urudie. Nikibahatisha, huko kibodi itaandika, na hoja ya kununua nyingine itaisha hapo hapo.

Turudi kwenye Windows, ndiko unakofanyia kazi. Ile kibodi ya USB inatusaidia kufuta mambo mengi kwa mkupuo. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuingia kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, na kuhariri mstari wa UpperFilters wenye neno kbdclass. Usiuguse. Sehemu hiyo inapitiwa na kibodi zote, ya ndani na ya nje. Ingekuwa imeharibika, ya USB nayo ingekuwa imekufa. Ukikosea ukalifuta neno lile, utabaki huna hata moja. Vivyo hivyo kwa wanaokwambia ushikilie Shift ya kulia kwa sekunde nane kuzima kichujio cha vibonyezo: kichujio kile kinabana kibodi zote, si moja. Kwako hitilafu iko chini zaidi, kwenye kipande kinachoongea na EC peke yake.

Anza na kuiamsha EC upya. Chipu hiyo haizimiki unapozima laptopu. Inaishi kwa umeme wa betri usiku na mchana, na baada ya apdeti inaweza kubaki katika hali ya kuchanganyikiwa kwa wiki nzima. Zima, chomoa chaja, chomoa na USB zote. Kama betri yake inatoka kwa nje, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 kamili bila kuachia, hesabu kwa sauti. Nyingine zina tundu dogo kwa chini la kuchomeka pini. Kama lako lipo, litumie badala yake. Angalia tu usije ukachokonoa tundu la maikrofoni. Rudisha chaja, washa.

Ikifunguka, usiizime kwa kawaida. Chagua Restart. Watu wengi hawajui tofauti ya hivi viwili, na mimi huieleza kila wiki hapa Mtwara. Tangu Windows 8, ukichagua kuzima, Windows haizimi yote: inahifadhi hali ya kiini chake na draiva kwenye diski, kesho asubuhi inairudisha kama ilivyokuwa ili iwake haraka. Draiva iliyokwama Jumatatu inaweza kuamka Jumanne ikiwa imekwama vile vile. Restart ndiyo inayoanza upya kutoka mwanzo. Wiki nzima hii yaelekea umekuwa ukizima jioni na kuwasha asubuhi.

Bado haiandiki? Kwa kuwa laptopu yako ni ya kupindua, jaribu na hili la nusu dakika. Kioo kikipinduliwa, kuna kihisi cha sumaku kinachoujulisha ubao kwamba sasa hii ni tableti, na kibodi inazimwa ili usibonyeze kwa vidole vya chini. Apdeti ikivuruga ishara hiyo, Windows inaweza kuamini kioo kimepinduliwa wakati kimefunguliwa kawaida. Ondoa simu yenye kava la sumaku karibu nayo, funga kioo kabisa, fungua taratibu, pindua mpaka mwisho, rudisha. Hilo si dhana yangu ya kwanza kwako, kwa sababu mara nyingi tachipadi nayo huzimwa na yako ni nzima, lakini nimeshaona kibodi ikifufuka kwa kupindua kioo mara moja tu.

Halafu bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, ingia Device Manager, fungua mstari wa Keyboards. Utaona ya USB, na nyingine yenye maneno PS/2. Hiyo ndiyo ya ndani. Kwenye laptopu chache ya ndani hupita njia nyingine, na hapo neno PS/2 halitakuwepo. Ikiwa na alama ya njano, ifungue usome namba ya kosa. Namba 10 inamaanisha draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Iwe na alama au isiwe nayo, bonyeza kulia juu ya hiyo ya PS/2, chagua Uninstall device, kisha Restart. Windows itaigundua upya kwa jedwali jipya. Hakikisha hujaifuta ya USB kwa bahati mbaya.

Ikishindikana, kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Ukiwa na kibodi ya USB, shikilia Shift huku ukichagua Restart. Itakuja skrini ya bluu ya matengenezo. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Hapo upo kwenye Windows ndogo inayojitegemea, ambayo kwa kawaida ina draiva za Microsoft tu. Chomoa kibodi ya USB, andika kwa ya ndani. Ikiandika, jedwali la ubao halina kosa. Mkosaji ni draiva fulani ya kampuni iliyowekwa kwenye Windows kubwa, mara nyingi ile ya vibonyezo vya sauti na mwanga au draiva za chipu za AMD. Nenda tovuti ya mtengenezaji, andika modeli kamili iliyo kwenye kibandiko cha chini, pakua hizo, weka. Ikikataa hata huko, basi lawama ni ya apdeti ya ubao yenyewe.

Skrini hiyo ya bluu inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, wenye tarakimu 48. Utafute kabla hujaanza, kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandikisha laptopu. Kwa kuwa ni ya mkono wa pili, hakikisha akaunti hiyo ni yenu na si ya mwenye mali wa kwanza. Nimewahi kumpokea mtu aliyefika na laptopu nzima kabisa, diski imefungwa, ufunguo uko kwa mtu asiyemjua. Hapo sikuwa na la kumsaidia, na iliniuma.

Ikifika kwenye ubao, angalia kwanza kama mtengenezaji ametoa toleo jipya zaidi ya lile la usiku ule. Makosa ya aina hii hulalamikiwa haraka na marekebisho hufuata. Kama halipo, tazama kama anaruhusu kurudi toleo la nyuma, wapo wanaozuia. Sitisha BitLocker kabla. Chaja iwe imechomekwa na betri ivuke nusu, kwa sababu umeme ukikatika betri ndiyo itakayouokoa ubao. Usifanye kazi hii mawingu yakiwa yamefunga na radi zinapiga. Na faili liwe la modeli yako herufi kwa herufi. Mtu akikwambia ana faili la modeli inayofanana, mshukuru na ukatae. Ubao uliowekewa programu ya ndugu yake unaweza usiwake tena, na hapo 120,000 itaonekana ndogo.

Niongeze kisa cha upande wa pili, kwa sababu mafundi wetu wa kusini bado wanakutana nacho. Kuna wanaopiga Windows 7 kwenye laptopu za Intel kizazi cha sita, zilizotoka 2015, ili waendeshe programu fulani ya zamani ya hesabu. Huko huwa kinyume chako: kibodi ya ndani inaandika, ya USB na maus zinakufa mara Windows inapoanza kujiweka. Intel iliondoa kidhibiti cha zamani cha USB, na Windows 7 haijui kuongea na kipya mpaka iongezewe draiva. Nilishaona mtu akitupa kibodi mbili nzima za USB kwa sababu hiyo.

Kibodi za kufa kweli zipo, tena nyingi. Wanaokaa Shangani na Mikindani wananiletea zilizoliwa na chumvi ya bahari, na chai ya rangi yenye sukari imeniletea wateja wengi kuliko virusi. Lakini hizo hufa herufi moja moja, au zinanata, au zinajibonyeza zenyewe, na hufanya hivyo hata kwenye BIOS.

Usisubiri haya yote yaishe ndipo uendelee na kazi. Iache ya USB imechomekwa, ingiza kilo za leo, jaribu hatua moja kila jioni ofisi ikifungwa. Na fundi wako mlipe muda wake wa kupima. Ile F2 aliyobonyeza ndiyo iliyonipa jibu, na ukimwonyesha ile mistari ya i8042 na karatasi yenye namba zako, ataelewa mara moja kwa nini kibodi hukuinunua.